Chai ya Kuagia

Niliota jana usiku, na ndoto yenyewe haikubisha hodi. Nilijikuta uani kwa watu, Binh Dinh, nchini Vietnam, ambako sijawahi kutia mguu. Kuku wanapita. Mbele yangu amesimama mtoto wa miaka saba, kichwa kimenyolewa, nami nikamjua papo hapo. Alikuwa Mwalimu Khoan.

Mwalimu Khoan ndiye aliyenifundisha kung fu hapa Tanga kwa miaka kumi na mmoja, katika ukumbi ulio nyuma ya ghala la katani. Kwake kuna desturi moja asiyoifanyia mzaha. Anayeingia kuwa mwanafunzi humpa mwalimu kikombe cha chai kwa mikono miwili, na anayetoka humpa kingine vilevile. Mimi niliingia kwa chai. Nilitoka kwa ujumbe wa simu, nikafungua ukumbi wangu mtaa wa pili na kuandika jina langu mlangoni kwa rangi nyekundu. Sasa mzee anarudi kwao moja kwa moja. Anaondoka Jumamosi, na jana ilikuwa Alhamisi.

"Shikamoo, Mwalimu," nilimwambia yule mtoto.

"Marahaba, Mbaruku. Kunja magoti. Simama kama uliyepanda farasi."

Nikakunja. Farasi akaja, akayatazama magoti yangu kwa makini, akatikisa kichwa.

"Huyu hajapanda farasi," alisema. "Huyu amekaa chooni."

Akaenda zake. Mtoto akaniwekea mabakuli mawili ya maji mapajani, moja kila paja, naye akajiwekea yake. Kisha akawasha kijiti cha udi na kukichomeka mchangani.

"Baba huniambia nisimame mpaka udi uishe," alisema. "Leo tutasimama wote."

"Nitaisha lini, hayo si yenu," ulisema udi. "Nyie simameni."

Nikapepesa jicho mara moja tu, mtoto ana miaka ishirini. Ua umegeuka soko. Watu wanampita kushoto na kulia, wananunua mchele, na mama mmoja mwenye kikapu cha bata anamwomba apishe. Anapisha bila kuinuka, na hata tone halimwagiki. Nikamwuliza kama magoti hayamuumi.

"Yanauma," alisema. "Yalianza kuuma nina miaka saba. Nani alikwambia yataacha?"

Neno hilo lilinichoma. Miaka yote ile nilidhani ukumbini naumia peke yangu. Yeye nilimwona chuma kitupu. Hata siku ninaondoka nilijifariji hivyohivyo, kwamba chuma hakiumii.

Kando ya muuza mchele palikuwa na jiko la mkaa, na juu yake birika. Nikajisemea, hapa ndipo pa kumaliza mambo: chai ichemke, nimpe mzee, roho itulie. Lakini makaa yanawaka mekundu na birika liko baridi.

"Mbona huchemki?" nililiuliza.

"Namchemkia anayeaga," lilisema birika, taratibu kama karani aliyechoka. "Wewe uliaga?"

"Nilituma ujumbe."

"Ulisemaje?"

Nilikumbuka kila herufi. "Niliandika, 'Mwalimu, nimepata pangu, asante.'"

Farasi, ambaye kumbe hakuwa amefika mbali, akacheka mpaka akaomba maji.

Kugeuka, soko limekuwa ukumbi wetu wa Tanga, na vumbi la katani limetanda dirishani. Mwalimu ana miaka sabini na miwili. Bado amekunja magoti, mabakuli yako mapajani, na safari hii anatetemeka.

"Mwalimu, inuka basi," nilimwambia. "Umesimama vya kutosha."

"Siwezi. Mwalimu hainuki kabla mwanafunzi wa mwisho hajaaga. Wenzako wote wameshapita. Nimebaki na wewe."

"Miaka mitatu yote hii?"

"Na miezi minne. Usijali, mwanangu, nina mazoezi."

Nililia, wala sioni haya kusema. Nilitaka kulikimbilia birika, ila mapajani nina maji.

"Nikiinuka, si yatamwagika?" niliuuliza udi.

"Yatamwagika," ulisema udi, ukaishia hapo hapo.

Nikainuka. Maji yakanishuka miguuni, na nyuma yangu birika likaanza kuchemka.

Niliamka alfajiri. Kikoi kilikuwa kikavu kabisa, nikajicheka. Kisha nikakifunua nijikune, nikaona duara mbili nyekundu mapajani, moja kila paja, ukubwa wa kitako cha bakuli. Mke wangu Tatu akaniuliza nimelalia nini. Nikamwuliza majani ya chai yako wapi.

"Leo unapika chai wewe?"

"Ya Mwalimu."

Alinitafutia chupa ya chai na kile kikombe kizuri cha wageni.

Nilipiga hodi kwa mzee kabla jua halijapanda. Mabegi yalikuwa yamepangwa ukutani. Alinifungulia mwenyewe, nami nikamimina palepale mlangoni, nikamwinamia, nikampa kwa mikono miwili. Maneno niliyoyapanga njia nzima yakanipotea, nikasema tu, "Mwalimu, nimekuja kuaga."

Akakipokea kwa mikono miwili. Akanywa mpaka tone la mwisho, halafu akapapasa nyuma yake akitafuta kiti.

"Niwie radhi, Mbaruku," alisema, "ngoja nikae kidogo. Nimesimama sana."