Mwezi wa Mzee Mfaume Ndani ya Darubini

Pale Temeke, Mzee Mfaume alijulikana kwa cherehani yake, lakini alisifika zaidi kwa macho. Kila jioni ya kuandama mwezi, watu walijaa uwanjani nyuma ya msikiti, huyu akinyoosha kidole huku, yule kule, na Maalim Hija, aliyekuwa akisalisha hapo, hakukubali neno mpaka Mfaume aseme. Mfaume akisema nimeuona, basi kesho Idi, na wanawake wanakimbilia majikoni.

Macho hayo yalikuwa yamekwisha kuharibika. Ukungu uliingia polepole, kama mvuke wa chungu unavyotanda juu ya kioo. Ikawa hata uzi hawezi kuutunga kwenye sindano. Alikuwa akimwita mkewe: "Tunu, hebu nitungie, mikono yangu ina mafuta." Bi Tunu anatunga, anamrudishia. Mikono haikuwa na mafuta.

Mwaka ule, Mwingereza bado yupo, Ramadhani iliangukia kipupwe. Mfungo ulipokaribia kwisha, Mfaume akasikia kwamba jirani yake Projestus, karani kutoka Bukoba, anauza darubini aliyoachiwa na Mzungu wake wa kazini alipohamishwa. Habari ile ilimwingia Mfaume rohoni. Kwa chombo kile angeuona mwezi kama zamani, na hakuna ambaye angejua kitu. Asubuhi akabisha hodi.

"Shikamoo, Mzee Mfaume."

"Marahaba, bwana Projestus. Hebu tukione hicho chombo chako, kama si kopo la samli."

Projestus akacheka, akakitoa sandukuni: mrija mrefu wa shaba, kioo kikubwa mbele, na nyuma kipande kidogo cha kuwekea jicho. Mfaume alikikagua kama anavyokagua jora la kitambaa dukani. Alipitisha kidole ukingoni mwa kioo, hakuna ufa. Alinusa, hakuna harufu ya ukungu. Alivuta mrija na kuurudisha, ukateleza bila kucheza. Kisha akaulekeza kwenye minazi ya mbali.

"Ala! Mbona minazi imesimama kwa kichwa?"

"Darubini za nyota ndivyo zilivyo, mzee. Si ubovu."

"Yaani mwezi nao utanionyesha nyayo?"

Wakacheka wote wawili. Lakini makuti Mfaume aliyaona kama sufi iliyochambuliwa, na hilo hakulisema. Alijiambia ni uchafu wa ndani.

"Kaa nayo leo, mzee," Projestus akamwambia. "Jioni ijaribu kwa huo mwezi wenyewe. Ikikuridhisha ndio tuzungumze."

Nyumbani alimkuta Bi Tunu uani, amezungukwa na sinia na birika, anasugua shaba za Idi kwa ndimu na majivu. Mfaume akaketi kwenye kigoda, akakifungua kile kipande cha nyuma. Ndani mlikuwa na kipete chembamba, cheusi tititi.

"Umeona? Masizi! Ndiyo yanayonitia giza."

"Cha mwenyewe hicho, Baba Chausiku. Usikichokonoe."

"Mie na shaba tumejuana leo?"

Akachukua kipande cha ndimu, akachovya majivuni, akasugua. Ule weusi ulibanduka upande mmoja, shaba ikang'aa kama pete ya bibi harusi. Akakisuuza, akakifuta, akakirudisha mahali pake, roho kwatu.

Jioni watu walifuturu kwa tende na maji palepale uwanjani, wakasali magharibi, wakageukia lilikozama jua. Projestus naye alikuja, akasimama pembeni na kofia yake mkononi. Mfaume akainua darubini, akaizungusha taratibu. Na kweli! Pembeni kabisa mwa lile duara la mwanga, uzi mwembamba wa dhahabu, umejipinda, safi kuliko mwezi wowote aliouona ujanani.

"Nimeuona!" Sauti ilimtoka mpaka ikapasuka. "Nimeuona, Wallahi!"

Vigelegele vikapanda. Mtu akaanza kupiga dufu.

"Alhamdulillahi," Maalim Hija akasema. "Uko upande gani, nasi tuuone?"

Mfaume, jicho bado darubinini, akaigeuza kidogo ili amwelekeze. Mwezi ukageuka naye. Akaipeleka kushoto, mwezi nao kushoto. Akaishusha mpaka kwenye shina la mnazi, na mwezi ukawa mbele ya mnazi, unang'aa vilevile, haujasogea nukta. Alikijua kile alichokuwa akikitazama. Alikisugua mwenyewe.

Angesema pale pale, yangeisha. Badala yake akashusha mkono, akatamka: "Chombo hiki kibovu. Kimenidanganya."

Dufu likakatika.

"Kibovu?" mmoja akadakia. "Mtu wa Bukoba katuletea mwezi wa kopo!"

"Kwao ndizi tele, kwetu ndio anauza uwongo!"

"Tungekula mchana kweupe kwa ajili yako, karani we!"

Projestus akaipokea darubini, akakifungua kile kipande, akachungulia ndani. Alikiona kipete. Akamtazama Mfaume, kitambo kidogo tu, kisha akainamisha kichwa.

"Nisameheni, wazee. Labda mie ndio sikuiangalia vizuri."

Akaondoka, wanamsindikiza kwa zomeo.

Nyumbani Bi Tunu alimwekea uji na tambi. Mfaume alikoroga uji mpaka ukapoa. "Kula," mkewe akasema, na hakuongeza neno, na Mfaume akaona afadhali angetukanwa. Akainuka, akaenda kwa Projestus, akamwambia, "Nifuate, mwanangu," wakasimama barazani pa msikiti mpaka tarawehe ikaisha na watu wakaanza kutoka.

"Jamani, ngojeni." Mfaume akainua mkono. "Darubini ya huyu bwana ni nzima. Mie ndiye niliyekwangua weusi wa kipete chake kwa majivu, na mng'aro wake nikauita mwezi. Mwenye macho na ainunue, hatajuta. Mie macho sina tena."

Waliokuwa wakitafuta viatu vyao wakasimama.

"Tangu lini?" Maalim Hija akauliza, kwa upole, na upole ule ulimchoma.

"Tangu mwaka juzi."

Sauti ya mwanamume ikatoka nyuma: "Sasa Idi ya mwaka jana, mzee? Uliapa."

Hilo Mfaume hakuwa amejitayarishia. Alitafuta uso wa msemaji, akaona vivuli tu.

"Nilisikia watoto wanashangilia," akasema. "Nami nikasema nimeuona."

Hakuna aliyezomea. Mmoja mmoja waliinama wakavaa makubazi yao, wakampita, na wale waliozoea kumpa mkono waliupitisha mkono kwenye kanzu, kana kwamba wanatafuta kitu mfukoni. Maalim Hija alitoka wa mwisho, akafunga mlango.

"Kesho tunafunga," alisema, bila kumtaja mtu, akashuka ngazi.

Projestus ndiye aliyebaki. Alitaka kumshika mkono wamalize njia pamoja, maana palikuwa na mtaro mbele.

"Niache, mwanangu," Mfaume akamwambia. "Tangulia."

Akangoja mpaka nyayo zake zisisikike, ndipo naye akaanza kupapasa ukuta, kuelekea nyumbani.