Kinu cha Edani

Mwantumu alikuwa mkekani, kanga nyeupe kichwani, akichambua maharage, majirani wa pale Handeni waliposikia kinu kikitwanga chumbani mwake. Du, du, du. Shangazi yake, Bibi Hajira, aliyekuja kukaa naye edani, akaingia kumkanya: mjane hatwangi kwa kishindo hivyo, watu watasema hana huzuni. Akakuta mchi umelazwa. Kilichokuwa kikitwanga ni moyo.

"Kitendawili," akasema bibi, akiketi.

"Tega, shangazi."

"Amekaa kitako, jasho la mkimbiaji."

Mwantumu akawaza, akashindwa.

Moyo ulianza aliposikia kwamba Mhina, kaka wa marehemu, ameingia shambani. Shamba hilo Mwantumu alilifyeka pamoja na mumewe, na mahindi yalikuwa yamekauka yakingoja kuvunwa. Kwenda kumzuia haiwezekani, eda haijaisha. Basi akakaa. Mdomo ukamkauka, vidole vikawa baridi, usingizi ukahama, tumbo likakataa hata uji. Hafanyi kazi yoyote, mbona anachoka?

Rosina, muuguzi jirani, mtu wa Vugiri, akaja na kipimo cha presha. Akapima mkono huu, akapima na ule.

"Dada, mwili umejifunga kibwebwe ukimbie au upigane. Wewe hukimbii, hupigani. Hizo nguvu ziende wapi?"

"Kinuni," akajibu Bibi Hajira. Akamwaga mahindi, akakisogeza kinu kifuani pa Mwantumu. Chai haijachemka, yamekuwa unga.

Toka hapo majirani wakaacha kwenda mashineni, wakapanga foleni barazani na vikapu vyao. Mwantumu akiwaeleza habari za shamba, wanamwitikia pole, halafu wanauliza kama unga tayari. Rosina alimsihi apunguze mawazo; kesho yake naye akaleta kisado chake cha mahindi. Siku moyo ulipotulia kidogo, unga ukatoka chengachenga, watu wakanuna. Mwantumu hakujua aombe kupona au asiombe.

Ijumaa, baada ya swala, Mhina akabisha hodi kwa adabu, akatua gunia uani.

"Shemeji, pole na eda. Nitwangie haya mapya."

Mwantumu akachota punje. Akaijua mbegu ya mama yake, nyeupe yenye doa jekundu.

"Haya ni yangu, shemeji."

"Ndiyo maana nimekuletea wewe."

Moyo ukaenda hata vikombe vikagongana kabatini. Unga ukatoka laini kama poda. Mhina akauonja kwa kidole, akausifu, akasema mavuno yajayo atarudi. Akajitwisha gunia.

Pumba akamwachia, za kuku.