Kilo Sitini na Nane za Baba

Saa nane mchana, mfuaji wa hospitali alikuwa akikunja shuka na mwenzake, kila mmoja ameshika pembe mbili, simu ilipolia. Alikuwa mama yake, kutoka uwanja wa ndege.

"Tumefika salama, mwanangu. Tuko kaunta ya uhamiaji. Wanataka mmoja wetu aache rehani, wawe na hakika tutarudi kwetu. Baba yako ameacha uzito."

"Wote?"

"Kilo sitini na nane. Tumepewa risiti."

Mwenzake alinyoosha pembe zake. "Una bahati. Mama mkwe wangu aliacha usingizi. Mwezi mzima macho makavu, anatukagua tu. Hata panya walihama."

Mfuaji alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Siku aliyoondoka nyumbani baba alikuwa kazini mbali, akambariki binti yake kwa simu. Alishukuru, ila baraka ya simu haikumkalia kichwani. Miaka kumi na moja sasa amefua shuka za waliopona na za waliokwenda zao. Amejifunza lugha ya wenyeji mpaka anaota kwayo. Na kila alipopiga magoti, peke yake, katika chumba chenye dirisha moja, alipungukiwa na kitu kimoja tu: mkono wa baba utosini, mzito, wa mtu aliyebeba matofali ujana wake wote.

Jioni aliwasubiri barazani. Mama alitokea akivuta sanduku kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulishika kamba, na mwisho wa kamba baba alielea usawa wa madirisha ya ghorofa ya kwanza, kofia mkononi, akisalimia watu. Jirani mmoja alifungua dirisha akamwitikia.

"Shikamoo, baba!"

"Marahaba, mwanangu! Umekonda. Hata huku juu naona."

Walimvuta chini taratibu. Ndani, binti alimtia taulo mbichi katika mifuko ya koti, mbili huku, mbili huku, naye akatulia kitini.

Kabla ya kula, baba alivua koti. "Haifai kusimama mbele za Mungu na taulo mifukoni," alisema. "Njoo, mwanangu. Nina deni lako."

Binti alipiga magoti, akamshika baba kifundo cha mguu asipae. Mkono ukashuka utosini. Alisubiri. Hakuhisi kitu.

Kisha magoti yake yakaachana na sakafu.

Walipanda polepole, baba akiomba, akiwataja wa nyumbani mmoja mmoja, walio hai na waliotangulia. Bomba la jikoni liliacha kudondosha. Nywele za binti ziligusa dari. Miaka yote ile alikuwa amesali chini yake, asijue kwamba inafikika. Machozi yake hayakuanguka. Yalibaki hewani kando ya taa, yaking'aa.

"Ameni," alisema mama kutoka mezani. "Sasa shukeni, chakula kinapoa."

Wakashuka. Baada ya kula, binti aliisoma risiti. Uzito atarudishiwa mwenyewe siku ya kumi na nne, mlango wa kuondokea. Wasindikizaji hawaruhusiwi kupita.

Aliisoma mara mbili, akaiweka chini ya kopo la chumvi isipeperuke. Kisha akamvisha baba koti, akamfunga vifungo, kimoja kimoja, mpaka cha juu.