Kifaru Kilichonaswa na Miavuli

Kwa miaka mitatu Sajenti Wilf Garside alifundishwa kazi moja: kupelekwa vitani akiwa ndani ya kifaru kidogo cha kivita, kifaru kikiwa ndani ya ndege ya mbao isiyo na injini, iliyovutwa na ndege nyingine. Katika mazoezi huko Uingereza alimzika dereva wake wa kwanza, akajipa moyo kwamba kijana wa watu hakufa bure.

Jioni moja ya Juni 1944 walitua Normandi, Ufaransa, katika shamba la ngano. Mlango wa mbele wa ndege ukafunguka, kifaru kikatoka kikinguruma.

"Mjerumani yuko wapi nimsalimie?" Perce Tolley, dereva mpya, alipiga kelele.

Hawakufika hata hatua hamsini. Shamba zima lilijaa miavuli iliyoachwa na wenzao walioruka nayo kutoka ndegeni alfajiri. Kamba zake zilijisokota kwenye magurudumu mpaka kifaru kikakwama.

Walilala chini yake wakikata kwa visu. Ng'ambo ya miti bunduki zililia, na kwenye redio wenzao waliwaita waje haraka.

"Niwajibu nini, Mkuu?"

"Waambie tumefungwa kamba."

"Wakiuliza na nani?"

"Na sisi wenyewe, Perce! Kata!"

Redio ilinyamaza kabla hawajamaliza. Walipofika kwenye miti, walikuta wenzao saba wamelala kifudifudi, wamekufa.

Ripoti ya kikosi ilisema kifaru kilitua salama. Wilf aliisoma mara mbili, akatia sahihi.