Mstari wa Kumi na Mbili

Usiku wa kuamkia jana niliota nimeingia ndani ya jedwali la mafao yangu, na aliyenifungulia mlango ni kuku.

Kabla sijaendelea, nieleze hilo jedwali. Mimi ni Leokadia, mama Fabiani, na mpaka mwezi uliopita nilikuwa mpimaji kwenye mizani ya malori hapa Makambako. Nimestaafu. Mwanangu Fabiani, ambaye ni mhasibu Dodoma na ana roho nzuri kupita kiasi, alikuja na kompyuta yake akanipangia mafao yangu yote: visanduku vyenye namba, mistari inayokwenda pembeni, safu zinazoshuka chini, kila mwaka nitoe kiasi gani, kodi ikate kiasi gani, kibaki kiasi gani. Karibu fedha yote aliielekeza kwenye kuku wa mayai. Hapa kwetu ukistaafu lazima ufuge kuku, hata kama hujawahi kumpenda kuku.

Nilimwomba mstari mmoja tu wa kwangu, nao ni wa safari. Nimepima malori ya shaba tangu nikiwa msichana na sijawahi kuona inakotoka. Nataka kwenda Kolwezi, huko Kongo, nikalione shimo lenyewe. Akaniandikia, mstari wa kumi na mbili. Chini ya jedwali pakawa pekundu. Akabonyeza kitu, wekundu ukaisha, na mstari wangu nao ukatoweka. Alisema haujafutwa, umefichwa tu. Tena kuna kisanduku kimoja kule juu kimeandikwa "Umri wa mwisho", na ndani yake ameweka sabini na moja. Jumatatu natakiwa nikasaini karatasi za mafao kwa kulifuata jedwali hilo. Akarudi Dodoma na kompyuta yake, mimi nikalala nimenuna, ndipo nikaota.

Yule kuku alikuwa amevaa kitambulisho shingoni. Aliniuliza nimekuja kwa mwaka gani. Nikamwambia nimekuja leo. Akasema humo hamna leo, kuna mwanzo wa mwaka na mwisho wa mwaka tu, na katikati hapakaliki. Akaniandikia mwanzo wa mwaka, nikaingia.

Ndani ni visanduku kila upande, kila kimoja kikubwa kama kibanda cha mlinzi, na katika kila kibanda namba imekaa kwenye stuli. Sifuri tatu zimeegemea ukuta zinakula karanga. Ziliniamkia kwa adabu nami nikaitikia marahaba, kwa kuwa sifuri hazijanikosea kitu.

Namuuliza kuku kazi yake humo ni ipi.

"Nakula pumba ili nitage," anasema. "Nataga ili uuze. Unauza ili ununue pumba."

"Na mimi nafanya nini?"

"Unabeba pumba."

Nilimuuliza mzunguko huo unaisha lini. Akaniangalia kwa jicho la upande, vile kuku wanavyoangalia, akasema hajawahi kuulizwa swali hilo na mstaafu yeyote.

Sijakaa sawa, mtu mwembamba mwenye suti ya kijivu akanishika mkono wa sweta. Alijitambulisha kuwa yeye ni Kodi ya Zuio na kazi yake ni kuzuia. Akanieleza kwa upole kabisa kwamba hagusi kilicholala, hukata kwenye kilichoongezeka tu, na kwa kuwa hasira yangu imeongezeka tangu nivuke mlango, atachukua sehemu yake. Akaingiza mkono kifuani kwangu akachukua. Nikajisikia nimepoa. Kupoa kule kukaniudhi sana, hasira ikapanda kupita mwanzo, naye akachukua tena. Tuliendelea hivyo kwa muda, hakuna kati yetu aliyekuwa na haraka.

Halafu akaanza kunikata maneno. Kila nilichosema, neno la mwisho aliliweka mfukoni.

"Uachie huu mkono wa sweta," nikasema.

"Sweta," akasema, akalitia mfukoni. Kisha akadai agizo langu halijakamilika, kwa sababu halisemi mkono wa nini.

Mimi si mtoto. Nimebishana na madereva wa kila aina, waliolia na waliotoa machozi ya vitunguu. Nikatafakari kidogo, nikampa sentensi yenye mkia usio na kazi.

"Niachie mkono, basi."

Akachukua "basi", akaliangalia, akaona kilichobaki ni agizo zima. Akaniachia. Alionekana kaumia, lakini sheria ilimbana na yeye.

Nageuka, niko kwenye msiba. Turubai limefungwa uani kwangu, wanawake wa jumuiya wanapakua wali, na msemaji anasoma wasifu wa marehemu. Marehemu ni mimi. Anasoma kwamba marehemu alipenda kuku maisha yake yote. Nikataka kumkosoa, watu wakaniambia nisubiri, familia itapewa nafasi baadaye. Nikaonja wali. Haukuwa na chumvi. Msiba wangu mwenyewe, na wali hauna chumvi.

Mbele kuna jeneza tupu, na pembeni yake, kwenye meza yenye kitambaa cheupe, amekaa Kikokotoo, yule anayekokotoa mafao yetu. Nilimtambua papo hapo. Kila mstaafu anamjua, japo hakuna aliyewahi kumwona uso kwa uso. Ni mfupi, amevaa tai, na hawezi kusema jambo bila kuanza na "ni sawa na".

"Ni sawa na sabini na moja," alisema. "Tunakungoja wewe tu."

Nikamwambia nina miaka sitini na magoti yangu ni mazima. Akafungua daftari la visanduku akanionyesha mapato ya mwaka wa msiba. Rambirambi zilikuwa zimeshaingizwa, pamoja na zile za watu ambao najua kabisa hawatatoa.

"Ni sawa na kama ukiingia humu, basi jedwali linafunga vizuri," akasema, akigonga jeneza kwa kalamu. "La sivyo, linakuwa jekundu."

Nilimtafuta Fabiani kwa macho. Nikamwona kule juu kushoto, katika kisanduku cha kwanza kabisa, palipoandikwa jina la jedwali. Mwanangu ni mrefu na kisanduku ni kidogo, kwa hiyo magoti yake yalikuwa yamegusa masikio.

"Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba. Umenizika?"

"Sijakuzika mama, nimekupanga tu."

Alikuwa analia kweli. Akanieleza kwamba ameona wazee wanavyodhalilika fedha ikiwaishia wangali hai, wanakaa mlangoni kwa watoto wao kama wageni wasioalikwa, na hataki mimi nifike huko. Akasema amehesabu mara nyingi, na nikipita sabini na moja hesabu inagoma. Iliniuma, kwa sababu nampenda huyu mtoto, na nilijua hakuweka ile namba kwa ubaya. Aliweka namba iliyomwezesha kulala usingizi. Lakini ilikuwa miaka yangu.

"Hesabu ikigoma, iache igome, Fabiani," nikamwambia. "Mimi nina safari."

Kikokotoo aliposikia neno safari akaamuru nifichwe. Sifuri mbili zikanishika makwapani, zikiniomba radhi njia nzima, zikanisukuma katikati ya mstari wa kumi na moja na wa kumi na tatu. Ni pafinyu kama nyuma ya kabati. Upande mmoja pumba za kuku zinakoroma, upande mwingine ada za shule zinajigeuza kitandani.

Natambaa. Ufa unapanuka. Nakuta begi langu la safari limefungwa, raba zangu ziko juu yake. Mbele yake nakuta ukungu wa Makambako, na katika ukungu ule barabara, na kwenye barabara mizani yangu nzima pamoja na kibanda chake. Kizibao changu cha kung'aa kinaning'inia kwenye msumari ule ule. Kumbe walipouficha mstari wangu waliniondolea vyote kwa pamoja. Nikavaa kizibao.

Sasa, mtu asiyejua kazi yetu aelewe jambo moja. Kwenye mizani hakuna gari linalopita bila kupanda, na mzigo ukizidi hapana mjadala: unaegesha pembeni, unashusha kilichozidi, ndipo unakwenda. Madereva kuanzia Dar es Salaam mpaka Ndola waliniita Mama Shusha, na wengine walikuwa wakipunguza mzigo kilomita kadhaa kabla, wakisikia tu niko zamu. Nyumbani sijawahi kumwambia mtu ashushe kitu. Wamepakia na kupakia, nami nimevuta. Nilisimama pale nikajionea huruma, kisha nikaona huruma inanichelewesha.

Nikapuliza filimbi. Nikaliita jedwali lipande.

Likapanda, safu moja baada ya nyingine, linanguruma na kutoa moshi. Mzigo wake sijapata kuuona barabarani. Ada za wajukuu ziko chini, juu yake mabati ya nyumba ya mjomba, juu ya mabati kamati ya harusi imekaa na kadi zake za michango, halafu mnara wa kanisa umelazwa, halafu msiba wangu mzima, turubai, jeneza, masufuria na watu wakiwa bado wanakula. Kuku wako juu kabisa, wanashangaa upepo. Mshale wa mizani ukazunguka mpaka ukarudi ulipoanzia.

Kikokotoo akateremka. Nje ya meza yake alikuwa kama dereva mwingine yeyote: mkono tumboni, sauti ya asali.

"Ni sawa na mama, tuongee."

"Shusha," nikasema.

Akasema mzigo si wake, ni wa familia. Nikamjibu kwamba mizani haijawahi kuuliza mzigo ni wa nani. Akataka kushusha ada. Nikamwambia ada aiache, wajukuu wangu nawapenda na watasoma, ashushe kwanza msiba. Akasita sana, lakini nyuma yake foleni ilikuwa imeanza kupiga honi. Wakaushusha. Waliweka jeneza kando ya barabara na turubai juu yake, na msemaji akabaki pale majanini akiendelea kusoma wasifu. Mshale ulirudi kwa kishindo. Sikuwa nimejua kwamba kitu kizito kuliko vyote humo ndani kilikuwa ni kifo changu, nacho nilikuwa nakivuta tangu Fabiani akiandike.

Kisanduku cha umri kikabaki kitupu. Jedwali likaanza kuyumba. Kikokotoo, tai imemlegea, akaniambia kwamba lazima kiandikwe kitu, maana bila hicho haliwezi kuondoka.

Nikachomoa ile kalamu nene tuliyokuwa tukiandikia kwenye vioo vya malori. Nikaandika: BADO.

Papo hapo visanduku vyote vikajaa alama za reli, zile ####, kama vinavyofanya vikizidiwa. Alama zikaungana, zikawa reli kweli, na sifuri zikadandia zikiwa na karanga zao. Kodi ya Zuio akaja mbio, akaniuliza kama hii "BADO" imeongezeka ili akate sehemu yake. Nikamwambia aje mwakani aipime mwenyewe.

Lori la shaba linarudi tupu kuelekea mpakani. Linasimama mbele yangu bila kupigiwa filimbi. Dereva anafungua mlango.

"Mama Shusha, panda."

Napanda na begi langu. Ukungu unafunguka, Tunduma inapita upande wangu, halafu nchi ambazo najua majina yake kwa sababu ya karatasi za mizigo tu. Nyuma yetu yule kuku wa mlangoni anakimbia, kitambulisho kinapepea, anauliza sasa pumba atabeba nani. Nafungua dirisha, naona kwa mbali ukingo wa shimo kubwa, udongo wake mwekundu na wa kijani, nami nainuka kwenye kiti nilione vizuri.

Nikaamka. Simu ilikuwa inalia. Ni Fabiani, kutoka Dodoma.

"Shikamoo mama. Mama, kuna mtu umempa neno la siri la jedwali?"

Nikamwambia hata kompyuta sina, na neno la siri hakuniambia. Kisha akaeleza kwamba amefungua jedwali asubuhi hiyo akakuta mstari wa kumi na mbili, ule aliouficha, uko wazi. Na katika kisanduku cha umri wa mwisho namba haipo, pameandikwa neno. Amelifuta zaidi ya mara moja na linarudi.

"Neno gani?"

"Bado," akasema. "Na miaka imejiongeza yenyewe, mama. Nateremsha chini tu, sioni mwisho."

Halafu, kwa sauti aliyokuwa nayo akiwa darasa la pili, akaniuliza sasa Jumatatu tunasaini nini.

Nikamwambia aanze kwa kushusha kuku.