Hatua Moja Kando ya Besi ya Tatu

Nilimwona Altagracio Severino akiingia uwanjani na kofia ya kijani ya Puerto Cacique kichwani, nikajua siku yangu imeingia mdudu. Miaka arobaini na mitatu hakuwahi kukanyaga mji wetu wa Santa Obdulia. Leo, siku uwanja unapopewa jina langu, ndiyo kaiona ya kutembelea watu.

Tulikuwa jukwaani sisi wanne tuliobaki wa timu ya besiboli ya kiwanda cha sukari, mabingwa wa mkoa mwaka 1974. Ubao mpya ulikuwa umefunikwa shuka, ukisubiri kufunuliwa. Papolo, mpigaji wetu hodari wa enzi zile, alinigusa kwa kiwiko.

"Umemwona Miwani? Kaja kulia tena!"

Altagracio hajavaa miwani maishani mwake. Jina hilo alipewa na watu wa mji wake mwenyewe, na kisa chake kila mtoto wa hapa anakijua. Fainali dhidi ya Puerto Cacique, zamu yetu ya mwisho ya kupiga, tatu kwa tatu, mimi nimesimama besi ya kwanza nikisubiri kukimbia. Papolo akaupiga mpira mpaka ukutani. Nikakimbia besi ya pili, ya tatu, hadi besi ya nyumbani, bao linapohesabiwa, nikaingia kwa tumbo. Nne kwa tatu. Kiwanda kilishakufa, treni za miwa zimeuzwa vyuma chakavu, tulichobaki nacho ni ubingwa ule tu.

Wasichokijua ni kwamba besi ya tatu sikuigusa, na asiyegusa kila besi bao lake ni batili. Nilikata kona, mguu ukapita hatua nzima kando yake. Altagracio ndiye aliyekuwa akiilinda, akaona. Mwamuzi naye aliona, ila sheria ya besiboli inamfunga mdomo mpaka mlinzi aushike mpira, aikanyage besi na kudai. Altagracio alipiga kelele aletewe mpira. Mpira gani? Watu elfu mbili walishamwagika uwanjani, na mmoja wao alishaondoka nao kwapani. Mwamuzi akajiendea zake. Huko kwao Altagracio akaonekana mtu aliyeshindwa anayetafuta kisingizio, na kila aliyekutana naye akamuuliza kama keshanunua miwani.

Kabla ya hotuba nilishuka kunywa maji. Akanifuata nyuma ya jukwaa.

"Chelo."

"Altagracio. Umezeeka, bwana."

"Na wewe umenenepa. Usiogope, sikuja kukuharibia shughuli. Niambie tu hapa, mimi na wewe. Uliigusa?"

Hasira zilinipanda, na zaidi kwa sababu aliuliza kwa upole.

"Niliigusa."

Alitikisa kichwa taratibu.

"Mke wangu alifariki Februari. Wiki ya mwisho nilimwambia tena. Akanipapasa mkono, akasema, 'Basi, mzee, yameshapita.' Hata yeye, Chelo. Hata yeye hakuniamini."

"Pole sana," nikasema, nikarudi zangu jukwaani. Ndiyo, nilisema hivyo tu. Sijivunii.

Meya wetu, Yocasta Rijo, hakuwa amezaliwa mwaka ule, lakini alikisimulia kisa utadhani alikuwa ameketi begani kwangu. Alikitia chumvi kila mahali, watu wakapiga vigelegele. Kisha akanyoosha kidole.

"Na leo tunaye Miwani mwenyewe! Simama, mzee wetu, tukuone! Au tukuazime macho?"

Uwanja mzima ukacheka. Altagracio akasimama kama alivyoambiwa, akavua kofia. Nilimsubiri apige kelele, atukane, anipe sababu ya kumchukia. Alisimama tu mpaka kicheko kikaisha, kisha akakaa.

Nikapewa kipaza sauti. Mfukoni nilikuwa na karatasi ya shukrani aliyoniandikia mke wangu Nereida. Niliiacha humo humo.

"Sikuigusa," nikasema.

Nereida alifunika mdomo kwa kiganja. Niliona wazi kwamba nimeshajimaliza, kwamba shuka lile halitafunuliwa tena, na wajukuu zangu watabeba aibu hii shuleni. Lakini kurudi nyuma nilikuwa nimeshachelewa.

"Besi ya tatu sikuigusa. Nilipita kando. Altagracio amekuwa akisema kweli miaka yote hii, na mimi nimekuwa nikidanganya. Ubingwa ule ulikuwa wizi."

Mtu mmoja huko nyuma akacheka.

"Don Chelo, acha utani!"

Papolo akaninyang'anya kipaza sauti, machozi yanamtoka.

"Mnamwona mtu huyu? Siku yake mwenyewe, na bado anamhurumia adui! Anataka kumpa mzee wa watu zawadi! Huo ndio moyo wa bingwa, jamani!"

"Papolo, kaa chini, mpumbavu wewe! Naapa kwa kaburi la mama yangu, sikuigusa!"

Nilivyozidi kuapa ndivyo makofi yalivyozidi. Watu walisimama wakaliimba jina langu. Meya alinikumbatia, akanong'ona kwamba nimemliza, akavuta kamba. Shuka likaanguka, na jina langu likaonekana lote, Wenceslao Peguero, kwa herufi za bluu ndefu kuliko mtoto wa miaka mitano.

Nilishuka nikipigwapigwa mgongoni na kila mtu. Altagracio alikuwa bado amekaa.

"Nimewaambia!" nikamfokea. "Umenisikia mwenyewe. Nimewaambia ukweli, hawaniamini!"

"Nimekusikia."

"Mpaka nimeapa! Sasa niseme nini tena ili waamini?"

Akasogea kidogo kwenye benchi ili nipate nafasi ya kukaa.

"Hata mimi sijui, ndugu yangu," akasema. "Nimejaribu miaka arobaini na mitatu. Wewe ndiyo kwanza una dakika tano."