Utani Matangani Itetemia

...na maji yenyewe ya uvuguvugu, ananimiminia taratibu kwa jagi la plastiki, huyu Vestina, binti wa marehemu, nami nasugua vidole kama niliyetoka kuchimba choo, nisimtazame usoni, nimtazame kwa macho gani, Tatu mimi, mtu mzima na wajukuu wangu, nimetoka Bagamoyo kwa miguu, miezi miwili, nikifuata njia ya wapagazi wa zamani niijue kwa unyayo wangu, halafu nije kuharibu hapa Itetemia, Tabora mjini tumeiacha asubuhi tu... "Yanatosha, mama?" Ongeza kidogo, mwanangu... mwanangu! nani kanipa mwana hapa... na Ngassa naye, kiongozi wa njia gani yule, tangu Kanyenye pale mjini ananitia ndimu, wewe Mzaramo, huku kwetu Unyamwezini kila nyumba watani zako, babu zetu walibeba pembe mpaka pwani, babu zenu wakawauzia maji ya chumvi, nami nikaamini, kwetu mtani asipotokea msibani watu wanaulizana, mazishi gani haya ya kimya, basi nikaona turubai, nikaona vichwa vimeinama, nikasema Tatu, kazi yako hiyo, nikatwaa kofia ya marehemu msumarini, nikaivaa, nikajitupa mkekani katikati ya wafiwa, "Wanyamwezi wavivu nyie! Huyu hajafa, kachoka kubeba mizigo yetu, anasingizia!"... hacheki mtu. Bibi mmoja vidole vikamgandia kwenye rozari, na ndipo Ngassa ananiinamia sikioni, sasa ndipo, "Bi Tatu, hawa siyo Wanyamwezi, ni watu waliotoka kambi ya Ulyankulu, wazee wao walikimbia vita Burundi"... ee Mola, si ungesema mlangoni, wao walitembea wakikimbia kufa, mimi natembea kwa raha zangu, na viatu nimenunua vya kazi hiyo, halafu namcheka maiti wao kwamba kachoka, naona aibu, naona aibu mpaka masikio yanawaka, sema basi, usijifanye unanawa... "Mwanangu, nisamehe. Sikujua." Maji yanaendelea. Heri angenitukana... "Nikusamehe nini, mama?" Nilivyomfanyia baba yako... "Baba aliletwa huku mgongoni kwa mama yake, ananyonya. Miaka hamsini na kitu sasa. Kila akitoka kuzika kwa majirani Wanyamwezi alikuwa anatusimulia, watani walikuja, wakavaa nguo za marehemu, watu wakacheka mpaka machozi. Halafu anauliza, sisi tukifa, atatutania nani?"... anasema hivyo huku anatazama maji, siyo mimi, na mimi vidole vimesimama, sijui nivipeleke wapi, miaka hamsini mtu analima hapa, anazika wenzake hapa, na kilichompungukia ni mtu wa kumcheka tu, nami nilikuwa natafuta pa kujificha... "Tena hukukosea," ameshusha sauti, bibi wa rozari asisikie, "tumbaku ikikomaa tu, baba kiuno kinamuuma. Siku ya kupakia, haamki kabisa!"... na mdomo wake unatetemeka, nilidhani kilio, siyo kilio, Mungu wangu, anajizuia, jagi linamcheza mkononi, maji yanatumwagikia miguuni wote wawili, na mikono yangu imetakata zamani bado nimeikinga, cheka, Tatu, unangoja nini, mwenye msiba ameshaanza.